Simbiosi jangwani: nani anamfaa nani?

Simbiosi ni neno lenye asili ya Kigiriki, na maana yake ni kuishi pamoja. Mwanabotania Mjerumani, Anton de Bary, alilitumia mwaka 1879 kueleza viumbe wa aina tofauti wanaoishi kwa ukaribu. Hakuweka sharti kwamba wote wafaidike. Hapo ndipo wengi hukosea: wakilisikia huwaza urafiki, kumbe hata kupe na ng'ombe wamo ndani yake.

Pande zote mbili zikinufaika, huo ni ufaidiano. Mmoja akinufaika na mwenzake asipate wala asipoteze, ni ukomensali. Mmoja akinufaika kwa kumdhuru mwenzake, ni uvimelea.

Jangwa, kwa kipimo cha kawaida, ni mahali panapopata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Kwenye uhaba wa namna hiyo, kivuli, tone la maji na mdudu wa kubeba chavua ni mali kubwa, na uhusiano wa viumbe huonekana wazi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika jangwa la Mojave, Marekani, kwenye mti wa Joshua, ambao ni wa jamii ya yuka, mimea yenye majani magumu yaliyochongoka. Huchavushwa na nondo wadogo wa yuka peke yao. Nondo jike hukusanya chavua kwa viungo maalumu vya mdomoni, huifinyanga kuwa donge, kisha hulibeba hadi ua jingine. Hutaga mayai ndani ya ovari ya ua hilo, yaani sehemu inayotunga mbegu, halafu hupanda juu na kuipaka stigma, sehemu inayopokea chavua, chavua aliyokuja nayo. Nyuki huchavusha bila kukusudia, akitafuta nekta. Nondo huyu hatafuti chakula chake hapo. Anachohakikisha ni kwamba mbegu zitatungwa, kwa sababu viwavi wake watazila. Hula sehemu tu, na zinazobaki ndizo za mti.

Je, nondo akitaga kupita kiasi? Katika baadhi ya yuka, ua lililojazwa mayai mengi mno huangushwa na mmea wenyewe, na mayai huangamia pamoja nalo. Kwa hiyo hata ufaidiano wa karibu namna hii una mipaka inayolindwa.

Uhusiano unaweza pia kubadilika kadiri miaka inavyopita. Katika jangwa la Sonora, lililo Marekani na Meksiko, kaktasi mkubwa aitwaye saguaro huanza maisha akiwa mche mdogo sana unaokua polepole mno. Mingi inayosalimika ni ile iliyoota chini ya mti kama palo verde, ambao huikinga na jua kali, baridi ya usiku na wanyama watafunaji. Wataalamu huuita mti huo mmea mlezi. Lakini saguaro akishakuwa mkubwa, mizizi yake iliyotandaa karibu na uso wa ardhi huyawahi maji ya mvua, na mlezi hujikuta akishindana na aliyemlea.

Saguaro huyohuyo hutobolewa na kigogota anayetafuta pa kutagia. Kaktasi huziba jeraha kwa kulizungushia ganda gumu, maji yasipotee. Kigogota akihama, bundi mdogo huingia na kulea makinda humo. Kwa bundi huyo na saguaro, huo ni ukomensali.

Chini ya ardhi, miti mingi ya jamii ya kunde hukaribisha bakteria katika vifundo vya mizizi: bakteria huipatia nitrojeni, nayo huwapa sukari.

Hukohuko Sonora, aina mbili za simbiosi hukutana katika tunda moja dogo. Kuna mmea kimelea unaoota juu ya matawi ya miti ya jangwani na kunyonya maji yake. Ndege aitwaye fainopepla hula matunda ya mmea huo, kisha huangusha mbegu zenye ulimbo kwenye tawi anapotua. Kati ya ndege na kimelea ni ufaidiano. Kati ya kimelea na mti ni uvimelea. Na kwa kuwa ndege hufuata matunda, mti ambao tayari umevamiwa ndio unaotuliwa zaidi, na ndio unaozidi kupandwa mbegu mpya.