Nundu kwenye gome la mfikasi: kisu kwanza, dawa baadaye

Nundu nyingi ninazotumiwa picha zake kutoka kwenye mifikasi ya uani si ugonjwa. Mfikasi, huu wa majani madogo yanayong'aa, Ficus benjamina kwa jina la kitaalamu, una tabia ya kutoa vitu vingi kwenye gome lake. Mwenye mti akiona uvimbe hukimbilia duka la pembejeo, akarudi na dawa ya ukungu na ya wadudu, akazichanganya kwenye bomba moja. Nundu hazipungui, kwa sababu dawa haikukuta cha kuua.

Picha haitoshi. Chukua kisu chenye makali, kioo cha kukuzia mara 10, spiriti ya asilimia 70, kitambaa na glavu. Glavu usiziache: utomvu mweupe wa mfikasi huwasha ngozi na huunguza macho, na mwenye mzio wa mpira asiukate kabisa.

Mimi huanza na ukucha. Kikwangue kile kinundu. Kikibanduka chote na gome likabaki zima, huyo ni mdudu gamba, mdudu mdogo anayenyonya mti akiwa amejifunika gamba. Mminye: akitoa majimaji yu hai, akipukutika kama pumba amekufa siku nyingi. Kipimo hiki kidogo huokoa fedha, maana magamba matupu hukaa kwenye gome miezi mingi, na watu huendelea kupulizia maiti. Halafu angalia majani na sakafu chini ya mti. Masizi meusi juu ya majani, sakafu inayonata na msafara wa sisimizi shinani ni dalili za gamba laini, aina ya mdudu gamba ambaye hutoa majimaji matamu. Gamba gumu hatoi majimaji hayo, kwa hiyo usiseme mti uko salama eti kwa sababu huoni sisimizi.

Kwa walio hai, sugua shina kwa brashi laini, kisha nyunyiza mafuta ya bustani, ml 10 hadi 20 kwa lita 1 ya maji, kama kibandiko cha chupa kinavyoruhusu. Mafuta humziba mdudu pumzi, basi pasipoguswa na mafuta mdudu hupona; lowesha maungio ya matawi na upande wa chini wa majani. Fanya asubuhi mapema au jioni. Ukipuliza juani, au mti ukiwa na kiu, majani yataungua.

Mabaka bapa ya kijivu ambayo hugeuka kijani ukiyamwagia maji ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Hayanyonyi mti. Yaache.

Kisichobanduka kwa ukucha ni mwili wa mti wenyewe, na hapo mpangilio ndio unaosema. Vidoti vidogo vilivyojipanga mistari ya mlalo ni vitundu vya hewa. Mti ukimwagiliwa kupita kiasi, vitundu hivyo huvimba na kuwa vyeupe. Uvimbe uliolizunguka shina kama pete, mnene kwa juu na mwembamba chini, mara nyingi umeficha waya au kamba iliyosahaulika tangu kitaluni. Chakula kutoka kwenye majani hushuka kupitia tabaka la ndani la gome. Kikifika penye waya hukwama, shina likavimba juu yake. Katakata waya unapoonekana, lakini uliokwisha kumezwa usiuchimbue, utaongeza jeraha.

Vipo pia vichomozo vilivyochongoka, hasa upande wa chini wa matawi na sehemu zenye unyevu. Hiyo ni mizizi ya angani inayojiandaa. Kata kimoja katikati: utaona kiini kilichonyooka, kimeshikana na mti wa ndani kama msumari. Hakuna cha kutibu.

Sasa ukikata nundu ukakosa kiini hicho, simama. Nundu inayonitia hofu, ikiwa changa huwa laini, ya rangi ya maziwa yaliyoganda, yenye uso wa koliflawa. Ikizeeka inakuwa ngumu, nyeusi na yenye mipasuko. Ndani yake nyuzi hazina mwelekeo, zimesokotana ovyo. Huu ni uvimbe wa bakteria wa jenasi Agrobacterium. Kwenye miti mingi hukaa shingoni, pale shina linapoingia ardhini, lakini kwenye mfikasi hutokea hata juu matawini. Bakteria waliotolewa kwenye nundu kama hizo huko Florida, Marekani, walipewa jina lao mwaka 2001: Agrobacterium larrymoorei.

Bakteria hawa huingia kwenye jeraha bichi, na mfikasi unaokatwa umbo la mpira kila mwezi hauishiwi majeraha. Wakishaingia, hupandikiza kipande cha vinasaba vyao ndani ya seli za mti, na seli hizo huanza kujitengenezea homoni za kukua bila kikomo. Ndiyo maana hata ukiwaua bakteria wote nundu itaendelea kukua, na hakuna dawa ya kupuliza itakayoirudisha nyuma.

Nundu zikiwa kwenye tawi moja, kata tawi sm 20 au zaidi chini ya nundu ya mwisho na ulichome moto. Futa mkasi kwa spiriti kila baada ya mkato, si kila baada ya mti. Zikiwa shingoni na mti ni mdogo, ung'oe pamoja na mizizi. Bakteria hubaki udongoni miaka, basi shimo hilo usilitie mfikasi mwingine wala waridi. Panda mchikichi wa mapambo au aina nyingine ya mitende, ambayo kwa kawaida haishikwi. Na usichukue vipandikizi kwenye mti wenye nundu hata kama tawi linaonekana safi.

Ukitaka uhakika wa maabara ya mamlaka ya afya ya mimea, yaani TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, peleka nundu changa ikiwa na sm 5 za gome zima pembeni. Izungushie karatasi, si plastiki, na ifike ndani ya siku mbili. Nundu kuukuu iliyokauka haifai, kwa kuwa bakteria humo ni wachache na maabara inaweza kuwakosa.