Uso wa kijivu, mwili wa rangi nyingine: kumsaka mkosaji ndani ya Skyrim

Ukijaza modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, kwenye gemu ya Skyrim, iko siku Jarl Balgruuf, mtawala wa mji wa Whiterun, atakupa cheo cha Thane, Lydia, msaidizi wako mpya, atakungoja pale Dragonsreach, kasri la Jarl, na uso wake utakuwa wa kijivu huku shingo na mikono ikiwa na rangi yake ya siku zote. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kupakua modi nyingine ya ngozi. Uso unabaki vilevile, kwa sababu ngozi haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Ninaandika kwa ajili ya Special Edition, ile ya 2016, na kwa mtu anayetumia Mod Organizer 2, programu ya kupanga modi, pamoja na SSEEdit, ya kufungua na kuhariri rekodi zake. Wenye toleo la 2011 kanuni ni zilezile, ila wakumbuke kwamba gemu yao haisomi picha zilizobanwa kwa BC7, basi wasiazime picha za ngozi za Special Edition bila kuzibadilisha kwanza.

Jambo la msingi ni hili: uso na mwili wa mhusika havipakwi rangi mahali pamoja. Mwili unachukua picha za ngozi za jinsia na jamii yake, kisha gemu inazikoleza kwa rangi iliyoandikwa kwenye rekodi ya mhusika, yaani maelezo yake ndani ya data ya gemu, mstari wa QNAM. Uso wenyewe ulishapikwa kitambo. Aliyemchonga mhusika ndani ya Creation Kit, programu rasmi ya kutengenezea modi, alipomaliza alibonyeza Ctrl na F4, zikatoka faili za uso: umbo la kichwa, lenye kiishio cha nif, linalokaa folda ya FaceGeom, na picha ya rangi ya uso, yenye kiishio cha dds, inayokaa FaceTint. Ni sawa na fundi aliyeshona shati kwa vitambaa vya majora mawili. Kila kitambaa peke yake hakina ubaya; aibu inaonekana kwenye mshono. Na mshono wa mhusika ni shingo.

Kwa hiyo usiguse kitu kabla hujamtazama mgonjwa vizuri. Je, ni mmoja tu, au wanawake wote wa Whiterun? Akiwa mmoja, tatizo liko kwenye rekodi yake au faili zake za uso. Wakiwa wote wa jinsia moja, hapo kweli ni picha za ngozi. Ikiwa ni wewe mchezaji peke yako, achana kabisa na FaceGeom na FaceTint, maana uso wako unatengenezwa papo hapo na hauna faili hizo. Halafu mzungushe kwenye mwanga. Mstari wa shingo unaojitokeza na kupotea kadiri mwanga unavyogeuka unatokana na picha zinazoongoza mwanga, zile zenye _msn au _s mwishoni mwa jina. Mstari usiobadilika hata ukimpeleka kivulini ni wa rangi yenyewe.

Turudi kwa Lydia. Fungua konsoli, lile dirisha la kuandika amri ndani ya gemu, mbofye, utaona 000A2C94. Namba hii inawapoteza watu wengi, kwa sababu ni ya Lydia huyu aliyesimama mbele yako, siyo ya rekodi yake. Rekodi yake ni 000A2C8E, na faili za uso hufuata namba ya rekodi. Unachotafuta basi ni meshes\actors\character\FaceGenData\FaceGeom\Skyrim.esm\000A2C8E.nif, na mwenzake upande wa textures, ndani ya FaceTint, mwenye namba hiyohiyo na kiishio cha dds. Folda inabeba jina la plagini, yaani faili lenye rekodi, iliyomzaa mhusika, hata kama modi iliyombadilisha sura inaitwa vingine. Mhusika Serana, kwa mfano, yumo ndani ya Dawnguard.esm kama 00002B6C. Zile tarakimu mbili za mwanzo, ambazo ndani ya gemu hufuata mpangilio wa plagini zako, kwenye jina la faili ni sifuri siku zote.

Sasa uliza maswali mawili, na uyajibu kwa kuangalia, usikisie. Nani anashinda kwenye rekodi? Nani anashinda kwenye faili? La kwanza unalijibu ndani ya SSEEdit: bandika 000A2C8E kwenye kisanduku cha FormID juu kushoto, na upande wa kulia utaona safu za plagini zote zinazomgusa Lydia. Iliyo kulia kabisa ndiyo inayosikilizwa. La pili unalijibu ndani ya Mod Organizer, kichupo cha Data: fuata njia ile ya folda, na pembeni ya faili utaona jina la modi iliyoileta. Majina haya mawili yakitofautiana, umemkamata.

Kwa nini tofauti hiyo izae uso wa kijivu? Rekodi ina orodha ya viungo vya kichwa, mistari ya PNAM: nywele, macho, nyusi, mdomo, kovu kama lipo. Faili la nif nalo limebeba viungo vyenye majina. Gemu inalinganisha. Rekodi ikitaja nywele za modi moja na umbo likaja na za modi nyingine, rangi ya FaceTint haikai inavyopaswa, na mhusika anabaki na sura ya maiti.

Mtego mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa BSA. BSA ni kifurushi kimoja kinachofunga faili nyingi za modi. Faili zilizofungwa ndani ya BSA hufuata mpangilio wa plagini, ule wa upande wa kulia wa Mod Organizer. Faili zilizo wazi huzishinda za BSA daima, na zenyewe kwa zenyewe hufuata mpangilio wa kushoto. Sasa chukua modi ya sura iliyofungwa kwenye BSA, uweke plagini yake mwisho kabisa, ukijua umemaliza kazi. Rekodi yake inashinda kweli. Lakini modi nyingine ya zamani yenye faili wazi inateka kichwa kimyakimya, hata ikiwa juu kabisa kwenye orodha ya kushoto. Dawa ni kuzificha faili hizo mbili kwenye ile modi ya zamani: bofya kulia, chagua kuficha, Mod Organizer itaongeza .mohidden kwenye majina yao. Huna haja ya kufuta modi nzima kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtego wa pili ni wa plagini isiyoonekana kuwa na hatia. Modi inabadilisha nguo za Lydia tu, au nguvu zake za vita. Lakini plagini haibebi mstari mmoja, inabeba rekodi nzima, pamoja na viungo vya kichwa vya gemu ya asili. Ikikaa chini ya modi ya sura, inarudisha orodha ya zamani na uso unaharibika. Hapa tengeneza plagini ndogo ya upatanisho: ndani ya SSEEdit nakili rekodi ya modi ya nguo kwenye plagini mpya, kisha uburute kutoka modi ya sura mistari ya PNAM, HCLF, FTST, QNAM, NAM9, NAMA, NAM7 na tabaka zote za rangi ya uso. Ukisharudi ndani ya gemu, andika player.moveto 000A2C94 umfikie Lydia moja kwa moja. Hapo ile namba ya kwanza ina kazi.

Wapo pia wanaojitafutia balaa kwa kubana plagini ziwe ESL, aina nyepesi ya plagini yenye nafasi chache za namba. SSEEdit ikipanga upya namba ziingie kwenye nafasi hizo, wahusika wapya wa modi hiyo wanapata namba mpya, na faili za uso zinabaki na majina ya zamani. Ukibadilisha jina la plagini, folda nayo inaachwa nyuma. Zipe faili majina mapya, au uzitoe upya kwa Creation Kit.

Kama uso si wa kijivu ila umepishana kidogo tu na mwili, angalia QNAM. Mara nyingi plagini inayoshinda ina rangi ya mwili ya zamani wakati FaceTint imepikwa kwa rangi mpya. Ukiona uwazi shingoni badala ya rangi, hiyo ni NAM7, uzito wa mhusika: shingo ya nif ilipikwa kwa uzito mmoja, mwili unachorwa kwa mwingine.

Wanawake wote wakiwa na mstari shingoni, modi ya mwili na ya uso zimechukuliwa kwa watengenezaji wawili. Hakikisha femalehead na femalebody_1, pamoja na _msn, _sk na _s zake, vinatoka modi moja. Kichupo kilekile cha Data kitakuonyesha.

Ipo modi iitwayo Face Discoloration Fix inayoondoa ukijivu wenyewe, na najua wengi mtaikimbilia. Mimi siiweki hadi mwisho. Inaondoa rangi mbaya lakini haikuambii modi gani imeshinda, na unaweza kubaki na Lydia mwenye uso safi ambao si ule uliopakua.