Kupima ukuta wa bahari kwa nyundo: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Hii ya kwamba upimaji wa mitetemo (kugonga ardhi na kusikiliza mtetemo ili kujua hali ya ndani ya ukuta wa bahari na udongo wake) unaweza kuangusha ukuta uliochoka, hapana jamani. Kwa kazi za gatini mara nyingi ni mtu na nyundo ya kilo 5 hadi 8 anagonga bamba la chuma, pembeni kuna mstari wa jiofoni, yaani vifaa vya kunasa mtetemo wa ardhi, zinasikiliza, basi. Watu wanachanganya na zile meli za kutafuta mafuta na gesi zinazofyatua hewa baharini.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba ukuta ukionekana mzima basi ni mzima. Ukuta wa bahari unafia mgongoni, yaani upande wa nchi kavu, na miguuni, yaani chini kabisa, ambako macho hayafiki. Seattle, Marekani, ukuta wa Elliott Bay ulijengwa kati ya 1916 na 1934 na sehemu kubwa ilibebwa na mbao, juu yake magari yanapita kila siku, likaja tetemeko la Nisqually Februari 2001, la ukubwa wa 6.8, sehemu ya barabara ikatitia, walipochimba wakakuta mbao zimeliwa na vijidudu vya baharini. Mwaka 2012 wapiga kura wakakubali mkopo wa dola milioni 290 ujengwe upya.

Wengine wanadhani kipimo hiki ni eksirei. Sio, kinapima mwendo wa mawimbi ya mtetemo tu, sio ya bahari. Wimbi la mgandamizo, lile linalosukuma na kuvuta, linakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde kwenye maji, na ufukweni mchanga wote umelowa, kwa hiyo uwe umeshindiliwa au umelegea, namba inatoka karibu ile ile. Ndo maana wanasoma wimbi la mkato, lile linalotikisa kwa upande, ambalo halipiti kwenye maji, linapita kwenye chembe za mchanga zenyewe, na pale palipooshwa linapunguza mwendo.

Na nguzo za zamani zilizozama ardhini, ambazo michoro yake imepotea na urefu wake haujulikani? Si lazima kuzifukua. Wanatoboa shimo jembamba pembeni, refu kuliko nguzo inavyokisiwa, wanaweka bomba lenye maji, wanashusha haidrofoni (kinasa sauti cha ndani ya maji) huku wanagonga juu ya nguzo. Kila mita wimbi linachelewa kidogo kidogo, alafu ghafla linaanza kuchelewa sana, hapo ndo nguzo imeishia. Hii naipenda mno, yaani nguzo yenyewe inakwambia urefu wake.

Ila visima vya kuhakiki, yaani mashimo ya kuchimba ili kuona udongo wenyewe, bado vinatakiwa, maana tabaka gumu likikaa juu ya laini, kipimo cha kupinda kwa mawimbi (kinachosoma mtetemo unaopinda kwenye tabaka gumu la chini na kurudi juu) hakilioni lile laini, na nyuma ya ukuta mkongwe ndo kulivyo: lami na zege juu, mchanga ulioliwa chini.