Onyo peke yake halimlindi mwalimu wa sanaa

Nikizungumza na walimu wenzangu wa historia ya sanaa kuhusu picha zinazozua ugomvi darasani, ushauri wa kwanza huwa uleule: waonye watu mapema, basi. Mimi sishawishiki.

Oktoba 2022, katika Chuo Kikuu cha Hamline, Marekani, mwalimu wa mkataba wa muda alionyesha kwenye somo la mtandaoni mchoro wa Mtume Muhammad akipokea wahyi kutoka kwa Malaika Jibrili. Haikuwa katuni ya kebehi. Mchoro huo umo katika Jami al-Tawarikh, historia ya dunia iliyoandikwa na Rashid al-Din, waziri Mwislamu wa Uajemi, mwanzoni mwa karne ya 14. Onyo lilikuwemo kwenye muhtasari wa kozi, na mwalimu akalirudia kabla ya kufungua picha. Mwanafunzi alilalamika, uongozi ukaliita tendo hilo chuki dhidi ya Uislamu, na muhula uliofuata mwalimu hakupewa darasa.

Machi 2023 ikawa zamu ya Tallahassee, Florida. Watoto wa darasa la sita walionyeshwa sanamu ya Daudi ya Michelangelo, inayomwonyesha akiwa uchi, bila wazazi kuarifiwa. Mzazi mmoja akadai ni ponografia. Mwalimu mkuu alijiuzulu kwa shinikizo la bodi, ingawa bodi ilisema zilikuwepo sababu nyingine.

Kule walionya, huku hawakuonya, na kote mtu aliondoka. Kilichokosekana ni utaratibu ulioandikwa kabla hajakasirika mtu: nani huchagua picha, nani husikiliza lalamiko, na picha inabaki kwenye somo hadi lini. Bila hayo, mkuu huamua kwa presha, na anayetolewa kafara ni mwenye mkataba mwepesi. Hamline yenyewe ilikiri Januari 2023 kwamba ilikosea kutumia tuhuma ya chuki, baada ya Muslim Public Affairs Council, shirika la Waislamu, kumtetea mwalimu. Wajuzi kama hao wanapaswa kuulizwa kwanza, si mwisho.

Simdharau mwanafunzi anayeona kumchora Mtume ni haramu. Waislamu wengi leo wana msimamo huo. Apewe nafasi ya kutotazama bila kupoteza alama. Ila haki yake ya kutotazama haimpi mamlaka juu ya macho ya wenzake. Tena mchoro ukifutwa, Waislamu waliouchora nao wanafutwa, na darasa linabaki likidhani Waislamu wa zama zote walikuwa na kauli moja.

Mimi hufundisha udhibiti wenyewe kama sehemu ya somo. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ulikemea picha za aibu makanisani. Muda mfupi baadaye mchoraji Daniele da Volterra akapewa kazi ya kuwavika nguo watu walio uchi katika Hukumu ya Mwisho, mchoro wa Michelangelo kwenye ukuta wa kanisa dogo la Sistina huko Vatikani. Huweka picha ya ukuta huo ulivyo leo kando ya nakala ya mchoraji Marcello Venusti ya mwaka 1549, iliyochorwa kabla ya nguo. Kisha nawaeleza kuwa ukarabati uliokamilika 1994 uliondoa baadhi ya nguo zilizoongezwa baadaye, ila zile za Daniele zikaachwa, na nawaacha wabishane kama wakarabati walifanya sawa.