Kubungua bongo kwa pamoja hakuleti mawazo mengi zaidi

Hapa Dar ikitakiwa idea mpya ofisini utasikia tu "tukae wote tubungue bongo", na watu wanaamini kabisa kwamba wanne wakirusha mawazo kwa sauti watatoa mengi kuliko kila mtu akifikiria kivyake. Siyo kweli jamani. Njia hii aliieneza Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, na mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale huko huko Marekani waliipima wakakuta wanne waliofikiria peke yao, ukijumlisha mawazo yao, wamewazidi wanne waliokaa pamoja. Sababu kubwa ni kusubiriana kuongea, yaani mnatafuta jina la saluni Sinza, dada wa mapokezi kapata jina zuri ila bosi bado anaongea, anasubiri weee, mpaka zamu yake ifike limeshampotea au kaona aibu. Inauma, maana huyo ndo anayewajua wateja! Kwa hiyo gaweni karatasi kwanza, dakika 10 kimya, kila mtu aandike ya kwake, halafu mzikusanye zisomwe bila majina, hapo sasa ndo mjadili, kundi linafaa sana kwenye kuchambua na kuunganisha.