Kitabu cha vita hakimharibu mtoto, jamani

Juzi nimerejeshewa tena. Baba mmoja kaja maktaba ya skuli na The Silver Sword ya Ian Serraillier, kakishika kwa ncha za vidole utasema panya, kakitua mezani ananambia "Maalim, hiki mtoto ataweweseka usiku". Namuuliza umekisoma? Hajakisoma, kaambiwa tu kuna vita ndani.

Hii ndo inonichosha kuliko zote. Baba huyohuyo, na najua kwa sababu tunakaa mtaa mmoja, jioni yuko mkekani na wanawe wanakula, tivii iko wazi, Gaza inaoneshwa, majumba yanaporomoka na mtoto anatafuna mkate wa mofa macho yako pale na hakuna anaemwambia neno. Hilo haliweweseshi? Vile ni vipande vipande, havina mwanzo wala mwisho, mtoto anaachiwa bomu alale nalo.

Riwaya haifanyi hivyo. Hii ya 1956 mambo yanaanzia Warsaw, mji mkuu wa Poland, baba ni mwalimu mkuu, anachukuliwa na Wajerumani kisa kaigeuza picha ya Hitler ikatazama ukuta, kisha na mama anachukuliwa, watoto watatu wanatoroka kwa juu ya mapaa na nyumba yao inaripuliwa. Inatisha, sikatai. Lakini badae Ruth, yule mkubwa, anafungua skuli chini ya jumba bovu anasomesha watoto wenziwe, yaani msomaji anapewa mtu wa rika lake anaeamua la kufanya. Mwaka jana msichana wa darasa la sita aliazima, bunduki hakuniulizia hata siku moja, aliniuliza Ruth chaki kaipata wapi.

Mie nasema na ntasema mpaka nistaafu: soma nae, sura moja baada ya isha, pabaya usiruke maana anajua kama umeruka, na akisema basi mwache afunge kitabu. Kama bado mdogo sana subiri, kitabu hakiozi.

Mengine ninayoambiwa juu ya kitabu hiki, niyajibu haraka haraka. "Ukimbizi ni wa Waafrika." Nenda Tengeru, pale karibu na Arusha, kaangalie makaburi ya watu wa Poland, kuanzia 1942 waliishi kambini pale maelfu, wengi wao wanawake na watoto.

"Sisi visiwani haituhusu." Huyu namjibu neno moja tu, Shimoni, kule pwani ya Kenya. Mwanzoni mwa 2001 Wapemba kama 2,000 walivuka bahari wakaenda kuwa wakimbizi Kenya, na wewe unanambia haituhusu!

Walimu nao wanafundisha kuwa wale watoto wa kitabuni ni wakimbizi toka ukurasa wa kwanza. Wapi! Pale chini ya jumba bovu bado wako ndani ya nchi yao, mkimbizi ni mpaka avuke mpaka, na wao wanakuja kuvuka badae wakimtafuta baba yao Uswisi.

Na hili la kuwa vitabu hivi ni vya kulia tu, alielisema hajafika kitabuni pale Berlin, sokwe aliotoroka zuu anapokutana na Jan, yule mvulana anaesafiri na kina Ruth, darasa zima huwa linacheka mpaka mlinzi anachungulia.

Kile kitabu bado kiko mezani kwangu. Jana mapumziko mtoto wa yule bwana kapita, kachungulia mlangoni, ananiuliza kwa sauti ya chini: maalim, yule sokwe walimkamata?