Tuache kumwambia katekumeni "amini tu"

Nimeletewa tena habari ile ile. Katekumeni, yaani mtu anayejiandaa kubatizwa, kauliza kwa nini aamini kwamba Kristo alifufuka, kajibiwa kuwa imani haina maswali, aamini tu. Nafundisha teolojia msingi, somo ambalo kazi yake ni swali hilo hilo, na kila nikilisikia jibu hili nakasirika. Kanisa lenyewe lilishalikataa. Mwaka 1840 padre mmoja msomi wa Strasbourg, Louis Bautain, alitakiwa kutia saini kauli zinazokiri kwamba akili inaweza kuthibitisha kuwapo kwa Mungu, kwa sababu alikuwa akifundisha kana kwamba akili haina la kusema kabla ya imani. Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati ya Dei Filius, ukaliweka wazi zaidi: Mungu alitaka utii wa imani yetu upatane na akili, hivyo pamoja na msaada wa ndani wa Roho Mtakatifu akatupa na ishara za nje.

Watetezi wa "amini tu" hukimbilia kwa Tomaso, mtume aliyekataa kuamini ufufuko mpaka aone. Si Yesu alisema heri wale wasioona wakaamini? Alisema, Yohane 20:29. Lakini watu hufunga kitabu hapo hapo. Aya mbili zinazofuata zinasema kwamba Yesu alifanya ishara nyingine nyingi mbele ya wanafunzi wake, na kwamba hizi zimeandikwa ili mpate kuamini. Mwinjili anatoa sababu! Halafu mtazame Tomaso mwenyewe. Wenzake, watu aliokula na kutembea nao muda wote ule, walimwambia, "Tumemwona Bwana." Kosa lake lilikuwa kuukataa ushuhuda wa watu aliowajua vizuri. Heri inayotajwa ni ya wale watakaoupokea ushuhuda huo, na ushuhuda ni sababu. Wewe tarehe yako ya kuzaliwa uliijuaje? Uliambiwa na waliokuwepo, nawe hujaona haya kuiandika kwenye kila fomu.

Na ushuhuda wa ufufuko una umri unaojulikana. Paulo aliwaandikia Wakorinto mnamo mwaka 55, miaka isiyozidi 25 hivi baada ya msalaba, na katika sura ya 15 anasema anawakabidhi kile alichokipokea mwenyewe: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa (yaani Petro), kisha wale Kumi na Wawili, kisha ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao bado wako hai. Anayeandika hivyo anamwachia msomaji nafasi ya kwenda kuuliza. Tena katika Wagalatia 1 anaeleza kwamba alikaa siku 15 kwa Kefa huko Yerusalemu na kumwona Yakobo, ndugu wa Bwana. Paulo hakuokota uvumi njiani. Aliwajua mashahidi kwa sura.

Hapa sasa ndipo wanaponichosha watu wa upande wa pili, wale wanaojitutumua kwamba hoja zetu zinamaliza kila kitu, eti asiyeamini baada ya kuzisikia ni mkaidi. Hapana. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 156 inatenganisha mambo mawili, na asiyeyatenganisha asifundishe somo hili. Kinachonifanya niamini ni mamlaka ya Mungu anayejifunua, asiyeweza kudanganyika wala kudanganya. Sababu ninazozitaja hapa zina kazi nyingine: zinaonyesha kwamba kumwamini si upofu. Zinanifikisha mahali ambapo naweza kusema ndiyo bila kuisaliti akili yangu, lakini ndiyo yenyewe ni tendo la akili linaloamriwa na utashi ukisukumwa na neema, kama alivyofundisha mwanateolojia Thoma wa Akwino. Ndiyo maana watu wawili wenye akili sawa husikia hoja zile zile, mmoja akabatizwa, mwingine akaenda zake, wala sina ruhusa ya kumhukumu huyo wa pili.

Na kwa nini Katoliki? Wanaosema kaisari Konstantino ndiye aliyelibuni Kanisa hili kwenye mtaguso wa Nikea mwaka 325 sitawapa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya pili, Inyasi, askofu wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa, aliwaandikia Wasmirna kwamba Ekaristi ni mwili wa Mwokozi wetu, na humo humo akalitaja Kanisa katoliki. Mnamo mwaka 155 Yustino, mwandishi Mkristo, alimweleza kaisari tunachofanya Jumapili: masomo, mahubiri, sala, mkate na divai iliyochanganywa na maji, watu wakiitikia Amina, mashemasi wakiwapelekea wasiokuwepo, na mchango kwa ajili ya yatima na wajane. Mkatoliki yeyote akiusoma ukurasa huo anaitambua Misa yake.

Urithi wa maaskofu wa Roma, yaani dai kwamba mapapa ni warithi wa Petro, una ugumu wake, na vitabu vingi vya mafundisho hupita pembeni. Askofu Ireneo, mnamo mwaka 180, anawataja kwa mfululizo kuanzia Lino, aliyewafuata mitume. Lakini Inyasi huyo huyo, anayemsisitiza askofu karibu katika kila barua, hamtaji askofu yeyote anapowaandikia Waroma, na wanahistoria wengi, Wakatoliki wakiwemo, wanadhani kwamba Roma iliongozwa kwanza na baraza la wazee. Naamini urithi wa Petro ni wa kweli. Lakini siwezi kuuchora kwa mstari mnyoofu kama unavyochorwa ubaoni.

Kinachonisumbua zaidi ni utakatifu. Mtaguso ule ule wa 1870 unalitaja Kanisa lenyewe, kwa utakatifu wake, kuwa ishara ya kudumu kwamba imani yetu inaaminika. Nifundisheje hilo mbele ya mtu aliyedhulumiwa na padre akiwa mtoto, kisha wakubwa wakafunika? Namtaja padre Maximilian Kolbe, aliyejitolea kufa badala ya baba wa familia kule Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi, mwaka 1941, na ni kweli kwamba imani hii huzaa watu wa namna hiyo. Lakini Kolbe hafuti kilichomtokea mtu huyo, na kwa mtu huyo ishara hii imevunjwa na sisi wenyewe. Kwake naanza kwingine.

Basi, makatekista wenzangu, mtu akiwauliza "mnajuaje?", mshukuruni kwa swali, mfungueni 1 Wakorinto 15, msome naye aya nane za kwanza polepole, na mumwache aulize tena.